Sura ya Sita: Kuchagua Malazi Jirani na Hifadhi ya Virunga

Msafiri atakaye kwenda kuona wanyama wa pori aghalabu huanza shauri lake mwishoni. Hufunua picha za vyumba, akalinganisha vitanda na mabafu, akauliza kama chakula cha jioni kimo ndani ya bei, akalipa arbuni. Na baada ya hayo yote ndipo hukumbuka kuuliza njia ya kufikia, majira ya mvua, na hali ya watu wanaoishi nje ya ua wa nyumba ile. Rai yangu katika sura hii ni kinyume cha desturi hiyo. Malazi ni jambo la mwisho kuchaguliwa, baada ya msafiri kuijua ardhi atakayolala juu yake, njia ya pili ya kutokea endapo ya kwanza imefungwa, na majirani ambao hifadhi ilikatwa katika nchi yao.

Ili rai hii isibaki maneno matupu, nimependa kuisimamisha mahali pamoja panapojulikana, napo ni Lac Vert, yaani Ziwa la Kijani. Hili ni ziwa dogo lililokaa ndani ya kinywa cha volkano iliyozimika zamani, magharibi ya mji wa Goma, jirani na Mugunga, kati ya barabara iendayo Sake na ufuko wa ziwa Kivu. Mwani umeyapaka maji yake rangi ya kijani kizito, na ndiyo sababu Wabelgiji, na wenyeji baada yao, hawakulitafutia jina jingine. Goma nayo imekua kwa kasi hata ikalifikia ziwa na kulizunguka, na leo Lac Vert ni jina la mtaa mzima, mmoja katika mitaa saba ya komuni ya Goma, wenye nyumba za mbao zilizojengwa juu ya mawe meusi ya lava ambayo wenyeji huyaita makoro. Kaskazini ya barabara, mbali kidogo na nyumba, huanza ardhi ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Kusini, ndani ya maji ya Kivu, kipo kisiwa cha Tchegera, ambacho nacho ni sehemu ya hifadhi hiyo hiyo. Kwa hiyo mkaazi wa Lac Vert ana hifadhi mbele na nyuma yake, na lolote lipatalo hifadhi humpata yeye kwanza kabla ya kumfikia mgeni.

Jambo la kwanza ambalo Lac Vert humfundisha msafiri ni kuitazama ardhi. Chini ya nchi hii ya volkano hewa ya ukaa hupanda kwa nyufa zisizoonekana, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tuivutayo, haipai juu ikapotea bali hushuka na kutulia katika mabonde na mashimo kama maji yanavyotulia kisimani. Watu wa Goma huiita mazuku. Haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Mchana jua na upepo huitawanya, lakini usiku uliotulia, na hasa alfajiri kabla upepo wa ziwani haujaamka, hujaa bondeni hata ikafika magoti, kisha kiuno. Anayetaka kuijua dalili yake na ainamishe macho, asikimbilie kuyainua kwenye mandhari: mjusi aliyekufa bila jeraha, panzi wengi waliolala chali mahali pamoja, ndege mdogo asiyeliwa na mdudu yeyote kwa kuwa wadudu wenyewe wamekufa. Kiberiti kilichowashwa juu ya ukingo huwaka vizuri, na kikishushwa bondeni hufa ghafla kana kwamba kimezamishwa majini, madhali hapana hewa ya kukilisha. Mbuzi huanguka kabla ya mchungaji kwa sababu pua yake i karibu na nchi, na mtoto huanguka kabla ya mama yake kwa sababu hiyo hiyo, na anayeshuka kumwokoa aliyeanguka mara nyingi humfuata. Ufuko wote wa kaskazini wa Kivu, kutoka Himbi hata Bulengo na Mugunga, una mashimo ya namna hii, na mengine yamo ndani ya viwanja vilivyojengwa.

Mama mmoja muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alipoulizwa na mgeni kama bonde fulani lenye majani mazuri lingefaa kusimamishwa hema, alimjibu kwa Kiswahili cha Kivu, bila kuinua macho kutoka kwenye sinia lake: "Papa, kule chini batu habalalake. Mazuku inaua batu usiku." Hakuongeza neno, na hapakuwa na haja. Kauli ile ilikuwa na maarifa ambayo hayamo katika tangazo lolote la hoteli. Ndiyo maana nasema, na nalisema kwa dhati, kwamba anayechagua malazi kandokando ya Kivu na aulize swali hili kabla ya kuuliza bei: je, nyumba imekaa juu ya mwinuko au ndani ya bonde? Bustani iliyozama, yenye ngazi za mawe zinazoteremka hadi ufukoni, hupendeza katika picha kuliko zote, nayo ndiyo ya kuhadhari. Chumba cha juu ni bora kuliko cha chini. Kitanda kilichoinuliwa ni bora kuliko godoro sakafuni. Na mlinzi wa usiku aulizwe mbwa wake hulala wapi, kwa kuwa mlinzi aliyekaa miaka mingi mahali pale anajua pa kumlaza mbwa akaamka naye mzima.

Kutoka ardhini na tupande kwenye moto. Juu ya Goma umesimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, na nyuma yake Nyamulagira, nayo ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi kuliko nyingine zote barani Afrika. Nyiragongo ulimwaga lava tarehe 10 Januari 1977, ukamwaga tena tarehe 17 Januari 2002, na lava ile ya pili ikapita katikati ya mji, ikaunguza masoko na maduka hata ikaingia ziwani, ikawaacha watu zaidi ya 100,000 bila maskani. Mara ya tatu ilikuwa usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Lava ilishuka upande wa Kibati na Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ilikuwa imekwisha kuikata barabara ya Rutshuru, ambayo ndiyo njia ya kwenda Rumangabo yaliko makao makuu ya hifadhi. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa ingali inatetemeka na wataalamu wakihofia kwamba moto ungezuka chini ya mji au chini ya ziwa lenyewe, mitaa kumi ya Goma iliamriwa kuhama. Waliovuka mpaka walikwenda Rwanda. Wengine, malaki ya watu, walishika barabara ya Sake kwa miguu, kwa pikipiki na kwa chukudu, baiskeli za mbao za wenyeji, zilizobeba magodoro na wazee, wakapita Mugunga na Lac Vert usiku na mchana.

Habari hiyo inampa msafiri kipimo cha kupimia malazi. Barabara iliyomleta hotelini ilikatwa. Uwanja wa ndege ulifungwa. Ikabaki njia ya magharibi, njia ya mpakani na njia ya majini. Nyumba ya wageni yenye njia moja tu, hata ikiwa na vyumba vya kifalme, ni dhaifu kuliko nyumba ya kawaida iliyo karibu na gati na karibu na mpaka. Mwenye hoteli mwema hawezi kuchukizwa na swali hili. Ataeleza boti hutia nanga wapi na nani ana ufunguo wake, gari lipi hulala likiwa na mafuta tangini, na rangi gani ya hatari imetangazwa wiki hiyo na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, ambacho kimekuwa na desturi ya kuwaonyesha watu hali ya mlima kwa rangi, kuanzia kijani hata nyekundu. Asiyeweza kujibu hayo hajawahi kuyafikiria, na mimi nisingemkabidhi usingizi wangu.

Sasa tuiangalie hifadhi yenyewe, kwa sababu watu wengi huliweka jina Virunga katika safari zao bila kujua ukubwa wake. Iliundwa kwa amri ya tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji, ikapewa jina lake, nayo huhesabiwa kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa barani Afrika. Mmarekani Carl Akeley, ambaye mwaka 1921 alikuja kuwaua sokwe wakubwa wa milimani kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, aliondoka akiwa na moyo mwingine, akawa miongoni mwa waliomshauri mfalme awalinde. Alirudi mwaka 1926, akafa na kuzikwa Kabara, kwenye miteremko ya mlima Mikeno. Mwaka 1969 hifadhi ikaitwa Virunga; mwaka 1979 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia, na mwaka 1994 ikaihamishia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 7,800, na urefu wake kutoka Kivu hata ng'ambo ya milima ya Ruwenzori ni kilomita 300 hivi. Mtu aliyelala kusini hawezi kudhani kwamba kesho yake ataamkia kwenye barafu za Ruwenzori au kwenye mbuga za ziwa Edward. Hizo ni safari tatu zenye njia mbalimbali, na hapana loji moja iwezayo kuwa kitovu chake.

Katika siku za amani malazi ya sehemu ya kusini na ya kati yalikuwa ya namna tano, na kila moja ilimfaa msafiri wa aina yake. Mbugani kulikuwa na hoteli ya kale ya Rwindi, yenye vibanda vya mviringo vya enzi ya Wabelgiji, ambayo wageni wake walikuja kuwatazama viboko. Viboko wa nchi ile walikadiriwa kuwa zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 walikuwa hawatimii 1,000. Hoteli nayo ikaanguka pamoja nao, kwani vita vilivyowala viboko ndivyo vilivyofukuza wageni. Pale Rumangabo, mwaka 2012, ilifunguliwa loji ya Mikeno, nyumba za mawe ya lava na paa za nyasi katikati ya msitu ambao mbega huchezea juu ya mapaa yake. Hii ilikuwa ya mtu apendaye starehe baada ya siku ya jasho. Kambi ya mahema ya Bukima ilikaa mpakani mwa msitu na mashamba ya wanavijiji, na asubuhi waongozaji waliondokea hapo kuwafuata sokwe. Hii ilikuwa ya mtu aliyekuja kwa ajili ya sokwe na si jambo jingine. Na kisiwani Tchegera, ambacho ni ukingo wa kinywa cha volkano uliojikunja kama mwezi mchanga na kutokeza juu ya maji, kulikuwa na mahema ambayo mtu akiketi mbele yake jioni huona wekundu wa Nyiragongo na Nyamulagira mbinguni kwa pamoja. Kileleni Nyiragongo penyewe palikuwa na vibanda vidogo vya paa la mshazari, vya watu wawili wawili, na aliyepanda kutoka Kibati kwa saa tano au sita alilala humo kwa baridi kali, akiamka usiku kutazama ziwa la moto.

Kati ya hizo zote, lau ningetakiwa kumchagulia rafiki, ningemchagulia Tchegera, na sababu yangu si mandhari. Kisiwa hicho kilifikiwa kwa boti, bila barabara ambayo mtu mwenye bunduki angeweza kuivizia, na upepo wa ziwani haukuipa hewa mbaya nafasi ya kutuama. Aidha maji ya Kivu hayana mamba wala viboko, na usiku wavuvi wa sambaza hupita na taa zao juu ya mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Sambaza hao si wa asili ya ziwa hili. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, wakawa kitoweo cha mamilioni. Mgeni aliyewaona usiku wakivuliwa na asubuhi akawala kwa ugali ameijua Kivu kuliko aliyekula samaki wa kopo katika hoteli ya mjini.

Nimeandika kwa wakati uliopita, na msomaji amekwisha tambua sababu. Mwezi wa Mei 2018 watalii wawili wa Uingereza walitekwa njiani kaskazini ya Goma, na Rachel Masika Baraka, askari wa hifadhi aliyekuwa akiwasindikiza, akauawa akiwatetea; watalii waliachiwa, naye akazikwa akiwa na umri wa miaka 25. Hifadhi ilifungwa, ikafunguliwa Februari 2019, ikafungwa tena Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, kwa kuwa sokwe hupatwa na maradhi ya kifua ya wanadamu. Mwezi uliofuata askari 12 wa hifadhi waliuawa pamoja na raia karibu na Rumangabo. Zaidi ya askari 200 wa Virunga wamekwisha kupoteza maisha kazini, na sijui hifadhi nyingine duniani iliyolipiwa kwa damu nyingi hivyo. Kisha vita vya waasi wa M23 vilianza upya mwishoni mwa 2021. Bunagana ikaanguka Juni 2022, Rumangabo Oktoba ya mwaka huo, na Goma yenyewe mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa. Anayeuziwa leo safari ya utalii ya Virunga upande wa Kongo na mtu asiyemtajia mambo haya ameuziwa hatari, na jawabu la haki ni kusubiri.

Kusubiri hakumzuii mtu kuiona milima ile ile. Safu ya volkano za Virunga imegawanywa na mipaka ya nchi tatu, na sokwe wa milimani hawana pasipoti. Waliohesabiwa katika safu hiyo mwaka 2015 na 2016 walikuwa 604, na pamoja na wale wa msitu wa Bwindi nchini Uganda idadi yao ikawa 1,063. Upande wa Rwanda wageni hukusanyika Kinigi, mwendo wa saa mbili hadi tatu kutoka Kigali, na kibali cha kuwaona sokwe kwa saa moja kimekuwa dola 1,500 tangu 2017. Upande wa Uganda, Bwindi na Mgahinga, kibali ni dola 800 tangu Julai 2024. Kote huko watu hawazidi wanane kwa kundi moja la sokwe kwa siku, na aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Kwa kuwa vibali ni vichache kuliko vitanda, kibali hukatwa kwanza, tarehe yake ikajulikana na kundi la sokwe likajulikana, ndipo loji itafutwe iliyo karibu na kituo cha kuondokea; kwani Bwindi ina vituo vinne vilivyo mbalimbali, na aliyelala Buhoma huku kibali chake ni cha Rushaga atatumia saa za alfajiri katika barabara za milimani akafike amechoka kabla hajapanda hatua moja. Miezi mikavu ni Juni hadi Agosti, na Januari hadi Februari. Mvua za Machi hadi Mei huugeuza udongo kuwa utelezi, ingawa mara nyingi sokwe hushuka chini wakati huo, na mwenye miguu thabiti hatajuta.

Narudi kwa majirani, kwa kuwa Lac Vert haituruhusu kuwapita. Mwezi wa Julai 1994, katika muda wa siku chache, watu waliokaribia milioni moja walivuka kutoka Rwanda wakaja kutua juu ya makoro ya Goma, palipo na mawe magumu yasiyochimbika kaburi wala choo. Kipindupindu kiliwaua kwa maelfu. Kambi za Mugunga na Lac Vert zilikuwa hapa, na watu wale, ambao hawakuwa na kuni nyingine, waliingia msitu wa hifadhi kila siku kwa mashoka, na mwaka huo huo ndipo UNESCO ilipoiandika Virunga katika orodha ya hatari. Vita viliporudi, kambi nazo zikarudi: Bulengo, Lushagala, Lac Vert, Mugunga, mahema meupe juu ya mawe meusi hata upeo wa macho. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua raia, watoto wakiwamo. Februari 2025 kambi hizo zilibomolewa, na watu wakaamriwa kurudi walikotoka, wengine wakikuta nyumba zao hazipo.

Mgeni atakayekuja hapa amani ikirudi, na namwomba Mungu iwe karibu, atapita katika barabara hiyo hiyo ya Sake. Ni wajibu wake kujua kwamba jiko la nyumba atakayolala linawaka kwa kitu fulani, na kwamba mjini Goma kitu hicho kwa miaka mingi kimekuwa makala, yaani makaa ya miti, na sehemu kubwa ya makala hayo imetoka katika miti ya hifadhi aliyokuja kuitazama. Magunia hushuka kutoka pande za Rutshuru na Masisi kwa malori na kwa chukudu, na njiani kila mwenye silaha hutoza ushuru wake, hata msitu ukawa hazina ya vita. Hifadhi ilijaribu kulijibu jambo hili kwa umeme wa maji: mtambo wa Matebe, karibu na Rutshuru, wenye nguvu ya megawati 13 hivi, ulianza kazi Desemba 2015, ukawasha taa na mashine za kusaga katika vijiji ambavyo havikuwahi kuona waya, na nguvu hiyo ikafika hata Goma. Nauhesabu umeme huo wa mto kuwa ulinzi wa sokwe sawasawa na bunduki ya askari. Kwa hiyo hoteli inayopika kwa umeme au kwa gesi, hata ikiwa bei yake imezidi kidogo, inastahili kupendelewa kuliko inayopika kwa makala, na mgeni aulize jambo hilo waziwazi.

Aulize pia fedha zake huishia mikononi mwa nani. Katika milima hii ipo mifano ya nyumba ambazo wanavijiji ndio wenye mali: pale Kinigi, Sabyinyo Silverback Lodge ni mali ya chama cha wanavijiji kiitwacho SACOLA, kule Nkuringo, Clouds ilijengwa juu ya haki ya ardhi na vibali vya wanajamii wenyewe, na Buhoma ina kambi ya wageni ya wanakijiji, ya bei nafuu, ambayo imedumu tangu utalii wa sokwe ulipoanza Bwindi katika miaka ya 1990. Rwanda hutoa asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa jamii zinazoizunguka, na Uganda asilimia 20 ya viingilio vya getini. Fungu hilo hutoka kwa serikali. Lile la loji hutegemea mwenye loji, na tofauti yake ni kubwa sana. Mwenyeji ambaye watu wake wameajiriwa kutoka kijiji cha jirani, na ambaye mboga zake zimenunuliwa katika mashamba yanayovamiwa na nyati, atayajua hayo kwa majina na kwa bei, na atayataja bila kufikiri.

Mwisho yapo mambo madogo ya kushika. Anayetaka kuingia Kongo, milango itakapofunguka, awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na dola mpya zisizo na mpasuko wala alama, kwani noti iliyochanika, hata kidogo pembeni, hukataliwa sokoni na hotelini pia. Asivuke mpaka wa Goma jioni. Avuke asubuhi ili awe na mchana mzima wa kurekebisha lililoharibika. Na kabla ya kulipa arbuni kwa loji yoyote katika nchi hizi tatu, aombe masharti kwa maandishi: mpaka ukifungwa, mlima ukiwaka, au hifadhi ikisimamisha wageni, fedha zitarudishwa zote, au zitahamishiwa tarehe nyingine, na kwa muda gani. Mwenye loji aliyeishi na Nyiragongo kwa miaka mingi huwa na waraka huo tayari, naye huutoa kabla ya kuombwa.